Watafiti wa afya wanatafuta nini kwetu? Biashara ya kijamii na ubunifu wa kijamii kwa lugha nyepesi



Katika mikutano ya mapatano tunayofanya na familia zilizohama pamoja na wenyeji waliozipokea, kuna swali linalorudi kila mara, na mara nyingi linatoka kwa mama aliyekaa nyuma, si kwa mashefu walio mbele. Watu hawa wanaokuja na karatasi, wakiuliza tunakula mara ngapi kwa siku, nani aliugua mwezi uliopita na tulilipa kiasi gani hospitalini, wanatafuta nini? Na wakishaondoka na majibu yetu, sisi tunabaki na nini?

Swali ni la haki. Linastahili jibu refu kuliko lile tunalotoa kwa haraka wakati mvua inakaribia na mitumbwi inasubiri bandarini.

Hapa Isangi utafiti si jambo geni. Yangambi, iliyo ndani ya teritwari yetu, ilifanywa kituo kikuu cha utafiti wa kilimo cha Kongo tangu mwaka 1933. Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kilifungua milango mwaka 1963. Babu zetu walizoea kuona watu wakipima mchikichi, mpunga na mbuni, wakiandika daftarini, kisha wakarudi mwaka uliofuata kupima tena. Siku hizi kinachopimwa si mti tena. Ni nyumba yako, mgonjwa wako na fedha uliyofunga kwenye ncha ya kitenge. Kwa hiyo ni lazima tuelewe maneno ambayo watafiti hawa wanayatumia, hasa mawili: biashara ya kijamii na ubunifu wa kijamii.

MANENO YENYEWE

Aliyeyapa maneno "biashara ya kijamii" nguvu duniani ni Muhammad Yunus wa Bangladesh, mwalimu wa uchumi aliyeanzisha Benki ya Grameen kwa ajili ya mikopo midogo ya wanawake maskini. Yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Tuangalie hapo: haikuwa tuzo ya uchumi, ilikuwa ya amani. Waliotoa tuzo waliona kwamba amani haidumu pale ambapo watu wengi hawana njia ya kujitoa katika umaskini.

Kwa Yunus, biashara ya kijamii ni kampuni inayouza kitu au huduma ili kutatua shida ya watu. Inatakiwa ijilipie gharama zake, isiishi kwa kuombaomba. Lakini faida ikipatikana hairudi kwa wenye mtaji kama gawio. Inabaki ndani ya kazi ili huduma ipanuke. Mwenye mtaji anaweza kurudishiwa kile alichoweka, basi. Kwa hiyo si msaada wa bure, na si duka la kawaida.

Tuchukue duka la dawa pale bandarini. Mwenye duka la kawaida akipata faida anajenga nyumba, na ni haki yake. Shirika la msaada likileta dawa linazigawa bure, na siku mfadhili akiondoka rafu inabaki tupu. Duka la kijamii lingeuza dawa kwa bei inayorudisha gharama za dawa, mafuta ya mashua na mshahara wa muuzaji, na kinachobaki kinanunua dawa nyingine. Ni jambo rahisi kulieleza. Kulifanya katika mahali ambapo watu wamepoteza mashamba yao ni jambo lingine kabisa, na tutalirudia.

Ubunifu wa kijamii ni neno pana zaidi. Halimaanishi mashine mpya. Linamaanisha namna mpya ya kupanga watu, kazi na fedha ili shida iliyoshindikana itatuliwe. Watu wa Kisangani hawahitaji profesa wa kuwafundisha hilo. Vita na ukosefu wa mafuta vilipouondoa usafiri mjini, vijana waliweka kiti kidogo nyuma ya baiskeli na kuanza kubeba abiria. Tukawaita toleka. Hakukuwa na mradi wala mfadhili, wala semina. Leo mtafiti angeandika kitabu kuhusu toleka na kukiita ubunifu wa kijamii, na angekuwa na haki.

KWA NINI WANAANZIA KWENYE AFYA

Kwa sababu ndipo familia zinapovunjikia. Katika nchi yetu sehemu kubwa ya gharama za matibabu inatoka mfukoni mwa mgonjwa, siku ileile anapougua. Ugonjwa hausubiri mavuno ya mpunga. Mtoto akishikwa na homa kali mwezi ambao hakuna kinachouzwa, baba anauza mbuzi, kisha nyavu, kisha mtumbwi wenyewe. Akishauza mtumbwi amepona mtoto lakini amepoteza kazi. Na wote tunajua habari za mama aliyejifungua kwa upasuaji akazuiliwa hospitalini wiki kadhaa na kichanga chake, kwa sababu hesabu haijalipwa.

Kwa familia iliyohama, mambo ni mazito zaidi. Tangu Februari 2023 mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, yaliyoanzia kwenye ugomvi wa ardhi upande wa Lubunga, yaliwafukuza maelfu ya watu kutoka vijiji vyao. Aliyekimbia usiku hakubeba mbuzi wala mtumbwi. Hana cha kuuza. Anaishi kwa jamaa, na mgonjwa wake anakuwa deni la jamaa.

Hapa ndipo ninataka viongozi wasome polepole, kwa maana jambo hili linaharibu amani zaidi ya mengi tunayoyazungumza mikutanoni. Mara nyingi shirika linapofika linatangaza matibabu ya bure kwa waliohama tu. Nia ni njema. Lakini mwenyeji aliyegawana nao sahani ya pondu kwa miezi sita anafika kwenye kituo kilekile cha afya, na homa ileile, na anaambiwa alipe. Anarudi nyumbani akiwa na uchungu, na uchungu huo hauelekei kwa shirika. Unaelekea kwa mgeni aliye chini ya paa lake. Baadaye mradi unakwisha, bure inakoma kwa siku moja, na sasa aliyehama naye ana uchungu, akidhani muuguzi amekula dawa.

Maoni yangu, ambayo nimeyasema pia mbele ya wafadhili, ni kwamba fedha za afya za dharura zinafaa kupitia kituo cha afya kwa faida ya wote wanaokitumia, hata kama bure itageuka kuwa nusu bei. Nusu bei kwa wote inaacha majirani wakiwa majirani.

BWAMANDA, KABLA YA SISI WOTE

Watu wengi wanafikiri mawazo haya yametoka Ulaya au Bangladesh. Mmoja wa mifano iliyochunguzwa zaidi katika Afrika nzima ni wa Kongo. Uko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, wakati ule jimbo la Ekwateri, leo Ubangi ya Kusini.

Mwaka 1986 zoni ya afya ya Bwamanda ilianzisha bima ya hospitali. Familia ililipa mchango mdogo mara moja kwa mwaka kwa kila mtu wa nyumba. Mgonjwa aliyetumwa hospitalini na kituo chake cha afya alilipa tu sehemu ndogo ya gharama, na mfuko ulilipa iliyobaki. Katika wiki chache za kwanza zaidi ya robo ya wakazi waliandikishwa, na katika miaka iliyokuwa mizuri zaidi walipita nusu. Haya yote katika Zaire ya wakati ule, ambapo fedha ilikuwa ikiyeyuka mkononi kama sabuni.

Watafiti, wakiwemo wale wa Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerp nchini Ubelgiji na hasa daktari Bart Criel, walifuata bima hiyo kwa miaka mingi na kuuliza kwa nini ilisimama wakati nyingine zilianguka. Majibu yao yanatufaa hapa mtoni.

Kwanza, msimu. Mchango ulikusanywa wakati watu walipokuwa na fedha baada ya kuuza mazao, si mwezi wa njaa. Kwa Isangi hilo lingekuwa baada ya kuuza mpunga, na kwa wavuvi ni hesabu tofauti. Mpango uliotengenezwa ofisini Kinshasa, wenye mchango wa kila mwezi kwa sababu mishahara ya Kinshasa ni ya kila mwezi, hautatembea kijijini.

Pili, familia nzima. Kama kila mtu angeruhusiwa kujiandikisha peke yake, nani angekuja? Wagonjwa, wazee na wajawazito tu. Mfuko ungekauka kabla ya Krismasi. Kuandikisha nyumba nzima, katika majuma maalumu ya mwaka, kunazuia mtu kusubiri tumbo limuume ndipo akimbilie kulipa.

Tatu, hospitali yenyewe. Bwamanda kulikuwa na hospitali iliyofanya kazi, yenye madaktari na dawa, na shirika la maendeleo lililoaminika lililotunza fedha. Hakuna bima inayoweza kununua huduma ambayo haipo. Nimeona mahali ambapo watu walihimizwa kuchangia mfuko wakati kituo chao hakina hata glavu. Huko si kujenga mshikamano, ni kuuharibu, kwa sababu mara ya pili hawatachanga tena.

Na kuna jibu la nne lisilopendeza. Bima ilisaidia zaidi wale waliokaa karibu na hospitali. Walio mbali walilipa mchango uleule lakini walifika hospitalini mara chache, kwa kuwa njia iliwazuia. Tuliopanda mtumbwi kutoka vijiji vya juu ya Lomami mpaka Isangi na mgonjwa amelala ndani tunaelewa bila kusoma kitabu. Mfuko wa afya usiohesabu gharama za usafiri unawatoza walio mbali ili kuwatibu walio karibu.

LIKELEMBA SI BIMA

Katika mikutano mtu husema: sisi tayari tuna likelemba, na kina mama wana vikundi vya AVEC, kwa nini mutueli tena? Tofauti ni kubwa, na wasipoielewa watu hugombana.

Katika likelemba kila mmoja anatoa, na zamu yake ikifika anapokea. Kila mtu anajua atarudishiwa. Katika AVEC, mfumo uliozaliwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, mnaweka hisa, mnakopeshana, na mwisho wa mzunguko mnagawana kasha. Katika mutueli wa afya, mtu anayebaki mzima mwaka mzima harudishiwi kitu. Mchango wake umemtibu jirani. Hii ndiyo sababu ya ugomvi wa Desemba, ambapo wanachama wanadai mgawanyo na mshika fedha anaonekana mwizi ilhali hajaiba.

Tena kuna suala la hesabu. Tuseme kikundi kina familia 25, kila moja inatoa franka 2,000 kwa mwezi. Hizo ni 50,000. Mama mmoja akihitaji upasuaji wa uzazi wa franka 300,000, amekula michango ya miezi sita ya watu wote, na kama wa pili atahitaji juma linalofuata hakuna kitu. Sasa weka familia 2,000 kwa mchango uleule: zinapatikana milioni 4 kwa mwezi, na hata akina mama kumi wakipasuliwa mfuko unabaki umesimama. Ni mfano tu, bei za kwenu mnazijua ninyi. Lakini unaonyesha kwamba kikundi kidogo kinaweza kulipia malaria, machela na mafuta ya mashua. Hakiwezi kubeba upasuaji peke yake. Lazima vikundi viungane, na hapo ndipo Mmbole, Mlengola, Mtopoke, Mturumbu na Mlokele wanaingia katika daftari moja. Idadi inataka hivyo. Ukabila hauna faida katika hesabu za bima.

Nchini Uganda, Hospitali ya Kisiizi katika milima ya kusini-magharibi ilianzisha bima yake mwaka 1996 kwa kupitia vyama ambavyo vilikuwepo tayari, vinavyoitwa engozi, yaani machela. Ni vyama vya majirani waliojipanga kubebana wakati wa ugonjwa na mazishi. Hospitali haikuunda kamati mpya yenye mhuri na viti vya plastiki. Iliuliza: hapa nani anambeba mgonjwa usiku? Kisha ikafanya kazi na hao. Ningependa kila mradi unaofika Isangi uanze na swali hilo kuhusu kipoyi na mtumbwi.

KWA NINI KIJIJI CHAO NA SI CHETU?

Kuna namna ya utafiti inayoleta manung'uniko mengi, nayo ni ya kura. Nieleze kwa mfano wa Uganda tena.

Mashirika ya Living Goods na BRAC yalifundisha wanawake wa vijijini kutembelea nyumba, kupima dalili za watoto, kuwatuma wagonjwa kituoni, na kuuza dawa za malaria, chumvi za kuhara, vyandarua na sabuni kwa bei nafuu. Muuzaji anabaki na faida ndogo kwa kazi yake. Je, inaokoa watoto au ni maneno mazuri tu? Watafiti wa uchumi walichukua vijiji 214, wakapiga kura: vingine vipate wauzaji hao sasa, vingine visubiri. Baada ya miaka mitatu, kati ya 2011 na 2013, walilinganisha. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 27 katika vijiji vyenye wauzaji kuliko vile vingine.

Bila vijiji vya kulinganisha, mtu angeweza kusema watoto walipona kwa sababu mvua ilikuwa kidogo mwaka ule, au kwa sababu serikali iligawa vyandarua. Kura inaondoa ubishi huo. Pia inazuia kijiji cha jamaa ya mkubwa kuchaguliwa kwanza.

Lakini Uganda ile ilikuwa na utulivu. Kwetu, kijiji kikikosa, watu wanatafuta kabila la aliyepata. Kwa hiyo mtafiti akitaka kupiga kura katika maeneo yenye majeraha, ninashauri viongozi wadai mambo haya: kura ipigwe hadharani, mbele ya wazee wa pande zote, kijiji kinachosubiri kiandikiwe tarehe ya kupata, na huduma ambayo kijiji kilikuwa nayo isipunguzwe kwa sababu ya utafiti. Mtafiti mwema hatakataa.

Na tusidanganyane kuhusu fedha. Wauzaji hao wa Uganda walipata faida yao ndogo, lakini mafunzo, usimamizi na sehemu ya bei vililipwa na wafadhili. Maskini kabisa hawezi kulipa gharama yote ya afya yake, hata biashara iwe ya kijamii namna gani. Anayewaambia waliohama kwamba watajitegemea kwa matibabu ndani ya mwaka mmoja hajafanya hesabu.

DAWA AMBAYO SOKO HALIKUITAKA

Mfano wa mwisho ni wa hapa kwetu, na ndio ulio karibu nami zaidi.

Ugonjwa wa usingizi, au malale, unaletwa na mbung'o wanaokaa kwenye vichaka vya mito. Tangu zamani mto wetu unaujua. Kule Yakusu, daktari Clement Chesterman wa misheni ya Kibaptisti alifika mwaka 1920 na kuukuta ukimaliza vijiji. Alijenga hospitali, lakini jambo la maana zaidi alilofanya lilikuwa kuwafundisha vijana wa hapa uuguzi na kuwaweka katika zahanati za vijijini, ili sindano imfuate mgonjwa badala ya mgonjwa kuifuata sindano. Huo pia ulikuwa ubunifu wa kijamii, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Baadaye nchi ikaanguka, timu za upimaji zikasimama, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 walisajiliwa Afrika, wengi wao Kongo. Na dawa ilikuwa gani? Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, mgonjwa alipewa melarsoprol, yenye aseniki ndani yake. Iliunguza mishipa, na katika wagonjwa 100 iliwaua kama 5. Familia zilijua, na wengine walikimbia timu za upimaji kwa hofu ya tiba.

Kulikuwa na dawa iliyo salama zaidi, eflornithine. Lakini wagonjwa wetu hawana fedha, na utengenezaji wake kwa ajili ya ugonjwa wa usingizi ulisimamishwa katika miaka ya 1990. Wakati huohuo dawa hiyohiyo ikapata soko Marekani kama krimu ya kuzuia nywele usoni mwa wanawake. Soma tena sentensi hiyo. Si kwamba kuna mtu aliyetuchukia. Soko halikutuona tu. Baada ya shinikizo la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2001 kampuni ilikubali kuitoa bila malipo. Hata hivyo ilihitaji serumu 56 katika siku 14. Ni muuguzi gani wa kijijini angeweza? Mwaka 2009 ulikuja mchanganyiko uliopunguza mzigo huo mpaka serumu 14 katika siku 7 pamoja na vidonge, lakini bado mgonjwa alihitaji hospitali, kitanda na masanduku mazito ya maji ya serumu.

Mwaka 2003 liliundwa shirika lisilotafuta faida la kutengeneza dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, DNDi. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa MSF, Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Wakapekua makabati ya zamani na kukuta fexinidazole, dawa iliyoachwa na kampuni moja katika miaka ya 1980. Wakashirikiana na kampuni ya Sanofi. Majaribio yaliongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande, katika hospitali tisa za Kongo na moja ya Afrika ya Kati, na Hospitali ya Isangi ilikuwa mojawapo. Wagonjwa 394 waliofika hatua ya mwisho ya ugonjwa walishiriki. Baada ya miezi 18, tiba ya serumu ilikuwa imefaulu kwa 98 katika 100, vidonge vya fexinidazole kwa 91. Ni pungufu kidogo, na watafiti walisema wazi hivyo. Lakini ni vidonge tu, siku 10, pamoja na chakula, bila sindano.

Novemba 2018 wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa kibali chake, na mwaka 2019 OMS iliiweka katika mwongozo wake kwa wagonjwa wa miaka 6 na zaidi wenye kilo 20 au zaidi. Mgonjwa hailipii. Mwaka uleule wa 2018 wagonjwa waliosajiliwa Afrika nzima walishuka chini ya 1,000. Dawa nyingine, acoziborole, inayomezwa mara moja tu, ilijaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha imefaulu kwa 95 katika 100 ya waliokuwa hatua ya mwisho.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu watu wa hapa walipoambiwa watie sahihi au alama ya kidole kukubali majaribio, kulikuwa na minong'ono ya kila aina mtoni kwamba wanauzwa. Waliokubali, wenye majina wasiyoyajua wazungu wengi, wamebadilisha tiba ya ugonjwa huu kwa dunia nzima. Na kwa familia zilizohama ninasema hivi: malale hukaa mwilini miezi au hata miaka kabla ya kuonekana. Aliyelala porini kando ya mito wakati wa kukimbia, timu ya upimaji ikipita, ajitokeze hata kama anajisikia mzima.

MTAFITI AKIFIKA MLANGONI

Muulize ametumwa na chuo gani na nani amempa kibali. Zoni ya afya lazima iwe na habari. Muulize majina yenu yataandikwa wapi na nani atayaona, jambo ambalo kwa mtu aliyekimbia mapigano si dogo hata kidogo. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, na kukataa hakukuondoi kwenye orodha ya msaada. Akikuambia kukataa kutakuondoa, mpeleke kwa kamati ya afya ya eneo, CODESA, kwa maana amevunja kanuni za kazi yake. Na muulize matokeo yatarudi kijijini lini, kwa lugha gani, na nani atayasoma mbele ya watu.

Mashefu na marais wa vikundi mnaofikiria kuanzisha mutueli wa afya, jueni kwamba kuna sheria yake, ile ya tarehe 8 Februari 2017, inayoweka kanuni za mutueli katika nchi yetu. Daftari na kasha peke yake havitoshi. Kabla ya mchango wa kwanza, kaeni na muuguzi mkuu wa kituo na daktari mkuu wa zoni, muandikiane bei moja kwa kila tiba na kuibandika ukutani, ili mwanachama ajue kabla hajaugua mfuko unalipa nini na yeye analipa nini. Wekeni katika kamati watu wa pande zote mbili, waliohama na waliowapokea, na funguo za kasha zigawanywe kati yao. Anzeni na kitu ambacho fedha zenu zinaweza: machela, mafuta ya mashua, malaria ya watoto. Upasuaji uje baadaye, vijiji vikishaungana vya kutosha. Na msikusanye mchango kabla mpunga haujauzwa.